Njema, ila Bomba Halifungi

Jumatatu, 2 Februari 2026

Kwako shajara. Salamu sana. Mimi niliishia darasa la nne, na kitu pekee nilichofundishwa kuandika ni barua, basi utapata barua. Mimi Esha sijambo, presha tu. Mume wangu Zubeir hajambo, yuko sokoni na samaki wake wakavu, anakusalimu. Mavyaa wangu Bi Khairat, mama yake Zubeir, hajambo. Masikio yamekwenda lakini pua imebaki, na ulimi ndiyo kabisa. Anakusalimu. Paka hajambo. Kuku hawajambo, isipokuwa yule mweupe aliyekanyagwa na bodaboda, yeye tena basi. Na Nuriya, mwanangu, mmoja tu niliyejaliwa, hajambo na YUKO NYUMBANI! Ndiye aliyekuleta kutoka Nairobi. Kasema, Mama, daktari alikwambia usiweke mambo rohoni, yaweke humu.

Haya. Nayaweka.

Kazi ya Nuriya nakueleza kama nilivyoelezwa. Kuna vioski vya maji vya kampuni yao: Madogo, Ndera, Hewani na hapa kwetu Garsen. Unatia kidude chako cha kulipia, bomba linafunguka. Unatoa, linajifunga. Lakini bomba lenyewe halina akili. Akili yake iko mbali, kwenye mashine za kukodi, wenyewe wanaita mawinguni. Si mawingu ya mvua, hilo nimeshaambiwa. Jirani yangu Bi Hawa bado anatazama juu. Sijamwambia.

Wiki hii Nuriya anayabadilishia mabomba akili. Mifugo wapate hori lao na kipimo chao, watu wapate bomba lao, wasipigane vikumbo kiangazi hiki. Anafanya kazi hiyo humu humu chumbani, kanga kichwani. Bado yuko kwenye miezi ya kupimwa. Bosi wake, anaitwa Nelly, kasema hivi: mambo yakienda sawa, Nuriya anaajiriwa moja kwa moja na anaruhusiwa kufanyia kazi Garsen, Ramadhani yote na baada yake. Yakiharibika, atafute kwingine.

Ramadhani yote, shajara! Miaka mitatu nafuturu na upande wake wa mkeka mtupu. Nakata sambusa nyingi kwa mazoea, kisha namtazama Zubeir akizila za mwanangu. Sitaki kingine duniani.

Kanisihi jambo moja tu. Kompyuta ikiwa kazini, nisiiguse. Nimeapa. Mimi na kompyuta wapi na wapi?

Jumanne, 3 Februari

Laiti ningekaa na ulimi wangu.

Nilikuwa kwenye foleni ya maji na mtungi wangu. Akaja Bi Hawa na ndama zake na madumu ya maziwa. Bi Hawa si mtu mbaya. Tatizo lake ni mwanawe Jaldesa. Jaldesa ana kazi ya ofisi Hola, na sasa yuko nyumbani kwa likizo, na kompyuta yake wanaipakata kama mtoto mchanga. Akaniuliza mbele za watu, Mama Nuriya, mtoto wako anaumwa? Nikasema haumwi, anafanya kazi. Akasema kazi gani hiyo ya kushinda ndani na kanga kama mzazi wa arubaini. Jaldesa yeye ana meza. Ana kiti kinachozunguka. Nuriya ana nini?

Damu ikapanda. Nikamwambia haya maji unayonywesha ndama, Mama Jaldesa, ni kidole cha mwanangu. Akitaka yatatoka. Asipotaka utarudi na ndama wako na kiu yao.

Foleni nzima iligeuka.

Bi Hawa akacheka kidogo, kwa pua. Akasema, mimi nasikia tu, sijaona.

Nikasema kesho njoo uone! Na yeyote anayetaka aje! Kutakuwa na mahamri!

Nimerudi nyumbani nikamkuta Nuriya anaongea na Madogo. Madogo imeshapokea akili mpya, kaniambia kwa furaha, akanikumbatia. Sikumwambia kuhusu mahamri. Nilisema tu unga umebaki mwingi.

Jumatano, 4 Februari

Walikuja. Bi Hawa mbele, na nyuma yake foleni ya jana, kasoro mitungi. Mpango wangu ulikuwa mzuri. Nuriya hatajua. Wanawake watasimama dirishani kimya kimya, wataona mwanangu akibonyeza, watakula, wataondoka na adabu.

Kumbe Nuriya alikuwa kwenye kikao cha video na wakubwa wake. Na kumbe dirisha liko nyuma ya kichwa chake! Nelly kule Nairobi aliona vichwa vinaongezeka. Kimoja kinatafuna. Alimuuliza Nuriya kwa upole kama kuna msiba.

Nuriya aligeuka. Alinitazama mimi tu, nami nilikuwa na sinia mkononi, nikasema, mahamri? Kikao kizima kilisikia.

Uso sina.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni hili. Bi Hawa alisimama pale dirishani muda mrefu, akamtazama mwanangu vidole vinavyokimbia, akasema, kweli huyu mtoto ana akili. Basi. Hakusema mashaallah! Nilingoja. Nikamtolea macho. Nikakohoa. Akachukua hamri jingine.

Chai haijapoa, simu ya Nuriya ikalia. Ndera bomba limefunguka halitaki kufunga. Ng'ombe wameshafika, matope magotini, watu wanachota kwa masufuria. Niambie kama hiyo si husuda, shajara. Niambie!

Wamelifunga kwa mkono kule kwenye tangi. Nuriya katulia, mashaallah (mimi nasema). Kasema haya mambo hutokea, ndiyo maana kuna njia ya kurudi. Mabomba yote manne yameshapokea akili mpya, basi kesho asubuhi atayarudishia akili yao ya zamani, moja baada ya jingine, kisha atafute kosa kwa nafasi. Nelly amekubali. Lakini Nelly amesema pia: Nuriya, hii ndiyo nitakayokupima nayo.

Alhamisi, 5 Februari

Ya Rabi nisitiri.

Asubuhi Nuriya alianza kazi ya kurudisha. Amri zinatoka kwenye kompyuta yake, zinapanda huko mawinguni, zinashuka kwenye bomba. Kuna mstari wa kijani unatambaa kwenye kioo kama konokono. Kasema ukifika mwisho, kila kitu kitakuwa kama juzi. Kisha akaenda kuoga, kwa sababu ya joto hili.

Mimi usiku sikulala kwa lile jicho la Bi Hawa. Na husuda haiondoki kwa mstari wa kijani. Mamangu kule Kipini angefanya nini? Angefusha. Basi nikatia makaa kwenye chetezo, nikaweka ubani, nikaingia nacho chumbani. Sikugusa kompyuta! Niliapa sitaigusa na sikuigusa. Niliizungusha moshi tu, juu, chini, kushoto, kulia, na kusoma ninayoyajua. Ikakaa vizuri. Konokono anatembea.

Ningetoka hapo, leo ningekuwa mwanamke mwenye heshima.

Nikaona ubani bila marashi ni kama harusi bila ngoma. Nikachukua mrashi wa Bi Khairat wa kunyunyizia, ule wa shaba aliokuja nao yeye alipoolewa. Tone moja, nilisema. La baraka. Na hiyo pia si kugusa. Kumbe kifuniko kimelegea tangu maulidi. Niliutikisa mara moja, ukamwaga kila ulichokuwa nacho tumboni, juu ya zile herufi.

Kompyuta ikasema ta. Kioo cheusi. Konokono kafa njiani.

Nilikimbia na chetezo. Nuriya alipotoka bafuni akapiga ukelele, nikatokea jikoni na unga mikononi, ambao nilijipaka, nikasema kuna nini mamii? Kisha, Mola anisamehe, nikasema huyu paka! Nilimwona anaruka dirishani! Paka alikuwa amelala miguuni pa Bi Khairat, mbele yetu sote.

Bi Khairat hakusikia hata neno. Akainua pua. Akasema leo nyumba inanukia, nani anaolewa? Nuriya akainamia kompyuta yake. Akanusa. Akaniangalia. Bi Khairat akaona namwonyesha paka kidole, akauliza tena, na huyu paka mmempaka marashi ya nini?

Nilitamani mto uje unichukue, na mto wenyewe kiangazi hiki umenywea.

Nuriya hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alikaa sakafuni akanieleza kama anayemweleza mtoto. Kurudisha kumekatika katikati. Bomba moja huenda limerudi, jingine huenda halijarudi, na huko mawinguni kumeandikwa yote yamerudi. Kilichoandikwa na kilichopo havifanani. Na baya zaidi, kazi ile ilipoanza ilijifungia mlango kwa ndani, ili mwingine asije akaingilia. Sasa aliyefunga amekufa, na ufunguo kafa nao. Nelly anaweza kuvunja mlango, lakini akiingia bila kujua kila bomba liko katika hali gani, atavunja na yaliyosalimika.

Nikamuuliza bomba letu la Garsen je.

Limefunga. Halifunguki kwa kidude chochote.

Nilijifunika nikaenda kuona. Foleni ilifika mpaka kwa fundi baiskeli. Mitungi mitupu, jua utosini, watoto wanalia. Sikufika mbele. Mmoja aliniona akasema kwa sauti, Mama Nuriya, mwambie basi anyooshe kile kidole! Wakacheka. Bi Hawa hakucheka. Ndama wake walikuwa wanaramba bomba.

Jioni nilifanya nililoapa sitalifanya kamwe. Kuna kompyuta moja tu karibu yenye uwezo wa kazi hii. Ndiyo. Nilikwenda kwa Bi Hawa kuomba ya Jaldesa.

Nilidhani ataniaibisha. Aliniwekea maziwa kwanza. Nikanywa kila tone, sijui yalivyopita. Jaldesa akasema hana neno, chukueni. Bi Hawa akasema chukueni, lakini mimi nitakuja nayo, nitakaa nayo, na nitarudi nayo. Na hicho chetezo chako nisikione.

Amejuaje? Garsen nzima inajua! Nuriya hakusema. Mimi sikusema. Itakuwa Bi Khairat, anayedhani ananong'ona.

Ijumaa, 6 Februari

Bi Hawa alifika baada ya alfajiri, kompyuta kifuani, imefungwa leso mbili. Akakaa kwenye kiti karibu na meza kama askari wa benki. Akakataa mto. Akakataa chai mpaka niinywe kwanza mimi.

Nuriya akasema kinachotakiwa ni macho. Mtu asimame mbele ya kila bomba aseme taa yake ni ya rangi gani. Kijani ni akili ya zamani, imerudi salama. Nyekundu bado. Kampuni haina mtu huko, na njia ni ndefu.

Hapo roho yangu ikafufuka. Watu ninao! Zipporah wa Ndera nilinunua kwake mikeka miaka mingi. Elsie wa Hewani tulilazwa wodi moja, na mpaka leo huniletea maembe. Ifrah wa Madogo ana kibanda cha chai, hatua chache kutoka kwenye bomba. Nikaomba simu. Nikasema mwanangu, nimeharibu, nitatengeneza.

Nikampigia Zipporah. Akasema bwana asifiwe, nikasema salama mama, habari za Ndera, akasema njema, mzee je, nikasema mzima, wako je, akasema yupo ila mguu, nikasema pole, umekandwa na nini, akaeleza, nikamuuliza watoto, akawataja, nikawauliza mmoja mmoja. Nuriya anakata hewa kwa mkono. Nikamwambia mamii, huwezi kumuuliza mtu bomba kabla hujamuuliza mume! Mwisho Zipporah akaenda kuangalia. Nyekundu.

Elsie alifiwa na shangazi. Utampitaje mtu mwenye msiba? Nilimpa pole, tukalia kidogo wote wawili, akanieleza ugonjwa tangu ulipoanza. Nelly naye yuko kwenye simu nyingine anangoja. Bi Hawa akasema huyo shangazi wa Hewani mimi nilimjua, nipe nimpe pole. Nikampa. Naye akalia. Taa ya Hewani: kijani.

Nuriya akaweka kichwa mezani. Akasema Mama, nakuomba. Nakuomba sana. Ya Madogo fupisha. Muulize bomba tu.

Na mimi nilikuwa nimejaa aibu ya jana mpaka hapa. Nikasema leo nitakuwa mama wa kizungu. Nikapiga. Ifrah alipopokea nikasema, Ifrah, bomba vipi? Akasema, njema. Nikakata! Nikapiga kelele Madogo njema! Nuriya akashangaa, akacheka, akanibusu mkono. Akaandika Madogo kijani. Nilijiona mtu.

Wakavunja kile kifuli. Nuriya akaanza kurudisha upya, Ndera na Garsen, na Madogo akairuka kwa kuwa ni salama. Konokono mpya akatambaa. Bi Hawa akavuta kiti karibu. Nilishika mikono yangu kwa mikono yangu.

Akafika katikati. Akasimama. Akawa mwekundu.

Simu ikalia. Ifrah. Anahema. Mama Nuriya, mbona ulinikatia? Nilikuwa bado sijamaliza! Nilisema njema, ila bomba tangu jana halifungi, na taa nyekundu kama pilipili, na lori la mbuzi limezama hapa mpaka ekseli!

Shajara, wewe si mtu wa huku, nakueleza. Kwetu mtu hajibu habari kwa ubaya. Nyumba ikiwaka moto, ukimuuliza habari atasema njema, kisha atasema ila. Yote yaliyo ya kweli yako baada ya ila. Najua hilo tangu ninanyonya. Maisha yangu yote sijawahi kumkatia mtu kabla ya ila. Siku moja tu! Siku moja nimefupisha salamu, nimeizamisha Madogo.

Nilikaa chini pale pale. Sikulia. Machozi nilikuwa nimeyamaliza kwa Elsie.

Bi Hawa aliinuka nikajua anachukua kompyuta yake. Akaenda jikoni akarudi na maji, akanipa. Akasema kunywa, ni mtungi wangu wa mwisho, niliuleta alfajiri. Hilo lilinimaliza kuliko yote.

Nuriya alikitazama kile chekundu. Kisha akamwambia Nelly kwenye simu, na nilisikia kila neno: bosi, hii kurudisharudisha itatuua. Kwetu ng'ombe wakivuka mto, wa mbele wakishafika ng'ambo, huwaiti tena. Ukiwaita wanageuka katikati, wanapandana, wanazama. Unawavusha waliobaki. Kosa la Ndera nimeliona tangu jana, ni mstari mmoja. Niruhusu nilitengeneze, nivushe wote, hata Hewani aliyerudi.

Bi Hawa, aliyezaliwa ng'ombe wakiwa kushoto na kulia, akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Nelly akasema vusha.

Wakati wanaume wanatoka msikitini, maji ya Garsen yalitoka. Nilisikia vigelegele kutoka huku nyumbani. Nikapiga Madogo mwenyewe. Nikamuuliza Ifrah habari zake, za mume, za watoto, za kibanda, za lori, za mbuzi wote waliomo kwenye lori. Nikangoja ila. Akasema hakuna ila, bomba limefunga. Nikamuuliza una hakika hakuna ila? Akasema hakuna. Nikangoja tena kidogo.

Bi Hawa akafunga kompyuta kwa leso zake mbili akaondoka. Mlangoni akasema Jaldesa hajawahi kuvusha kitu.

Jumamosi, 7 Februari

Nimefanya jambo. Nililifanya kwa mapenzi.

Nuriya jana aliandika taarifa ya Nelly. Alinisomea. Hakunitaja! Kaandika kompyuta iliingia maji, na kosa ni lake yeye, kwamba kazi kubwa vile aliitundika kwenye mashine moja, chumba kimoja, bila mtu wa pili wa kumwangalizia. Kaandika tena kwamba aliamini habari ya Madogo bila kuipima. Mimi hata nukta simo.

Sikuweza. Mwanangu abebe dhambi ya mrashi wangu? Na kama atafukuzwa kwa ajili yake? Nikangoja aende dukani, nikachukua namba ya Nelly, nikajifungia chooni na simu ya Zubeir.

Nikamsalimu vizuri. Nikamuuliza wazazi. Nikamuuliza Nairobi baridi? Kisha nikasema yote. Jicho la Bi Hawa, chetezo, ubani, kifuniko kilicholegea, unga, paka. Nikasema mwanangu hana kosa, bosi, nifukuze mimi.

Nelly alicheka mpaka nikaogopa ameanguka. Akasema Mama Nuriya, Nuriya hafukuzwi. Taarifa yake ni nzuri kuliko ninazoandikiwa na wakubwa zake. Barua ya kuajiriwa niliitia sahihi jana. Na kompyuta mpya iko kwenye basi, inafika Garsen leo jioni, aendelee kufanyia kazi huko huko.

Alhamdulillahi! Nilirusha mkono nikagonga ukuta.

Kisha akapunguza kicheko. Akasema, lakini sasa mama... ulisema chetezo kilikuwa chumbani? Na mrashi? Nikasema ndiyo, kwa nia njema. Akasema siku ile vichwa dirishani ni wewe pia? Nikasema ndiyo. Akasema kwa upole sana, kwa heshima, kama mtu anayemtoa mtoto mdomoni kitu: mama, nafikiri bora Nuriya awe karibu nasi ofisini. Kwa usalama wa mabomba. Asafiri kesho.

Nilitoka chooni nikamkuta Nuriya amerudi, sukari mkononi. Kumbe choo hakina dari, na sauti yangu unaijua. Alicheka, kisha macho yakajaa maji. Akasema Mama, nilikuwa nabaki. Umenipakia basi kwa mikono yako mwenyewe.

Zubeir kauliza nani katumia salio lake lote.

Jumatatu, 9 Februari

Sina nguvu ya shajara leo. Nuriya, mwanangu, hii nakuandikia wewe, nitampa dereva wa gari la samaki akuletee, kwa maana kwenye simu nitalia.

Salamu sana. Mimi sijambo, presha tu. Baba yako hajambo, jana alikula chakula kimya. Bibi yako hajambo, anauliza bibi harusi ameenda wapi. Paka hajambo na amenisamehe. Kuku hawajambo. Bomba halijambo, linafunguka na kufunga, hakuna ila. Upande wako wa mkeka nimeukunja. Sambusa nitakata nyingi hivyo hivyo.

Nimejifunza, mwanangu. Naapa nimejifunza. Kompyuta ya mtu haiguswi, haifukizwi, hainyunyiziwi.

Ila.

Asubuhi ile ya safari, ukiwa unaoga, Bi Hawa alikuja kukuaga. Akaiona kompyuta mpya kwenye mkoba. Akasema mashaallah. Nikashukuru. Akasema tena mashaallah. Kisha akasema ya tatu, na akatabasamu. Nuriya, mashaallah moja naielewa. Tatu za nini? Mtu anayesema tatu ana lake! Nilikuwa peke yangu, basi linapiga honi barabarani, ningefanya nini? Kifuniko cha mrashi nilishakikaza kwa uzi. Nilinyunyiza kidogo sana. Pembeni ya mkoba. Na pale kati kidogo.

Nijibu upesi, mamii, hata kwa neno moja. Imewaka?